Cherehani Inaponyamaza

Mwongozaji alitaka ngoma zirindime tangu picha ya kwanza. Fundi sauti akakataa katakata.

"Tunatengeneza filamu ya kutisha au harusi?"

Kwenye skrini, kamera ilinyemelea koridoni kuelekea mlango uliofungwa. Fundi akafuta ngoma zote, akaweka mlio wa cherehani ya mama yake, kana kwamba unatoka nyuma ya mlango ule. Utotoni, yeye na dada zake waliruka vitandani bila wasiwasi mradi cherehani inalia. Ikinyamaza tu, kila mtu alitafuta pa kujificha.

Kamera ilipofika mlangoni, akakata mlio.

Kimya. Mwongozaji, mtu mzima na ndevu zake, akageuka kutazama mlango wa studio.

"Sasa bosi, ngoma niziweke wapi?"

"Ngoma gani?" akanong'ona.