Dripu ya Mkwe

Mimi na haya hatujuani sana. Nina saluni, na mwenye saluni akijifanya mnyenyekevu atakula nini? Kwa hiyo nikiwaambia kwamba tangu jana natamani ardhi ipasuke inimeze, mjue sijipambi kwa maneno.

Mume wangu ni daktari. Wakati ule wa janga yeye ndiye aliyesimamia wodi ya wagonjwa wa kifua, na mama yangu alipougua akalazwa humo humo kwa mkwe wake. Alikuwa anakohoa, pumzi inambana, lakini anakula na anawagombeza manesi kama kawaida yake. Mume wangu akamwandikia oksijeni kidogo na vidonge vya kushusha homa. Basi.

Nilimvamia ofisini kwake bila hodi.

"Mama yangu apewe panadoli, kama mtu aliyeumwa kichwa sokoni?"

"Ni kirusi, mama watoto," akasema. "Antibayotiki inaua bakteria. Kirusi haikigusi hata kidogo."

"Na yule mgonjwa wa dirishani mbona katundikiwa ile dripu kali? Yeye kirusi chake kina cheo?"

Hapo nilimpata, maana wodini mwake karibu kila aliyeingia akikohoa alitundikiwa dripu ya antibayotiki, awe anaihitaji au haihitaji. Madaktari walikuwa wameingiwa na hofu. Watu walikuwa wakiwafia mikononi, na hakuna aliyetaka ndugu waje kumuuliza kwa nini marehemu wao hakupewa kitu. Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuwakataza wenzake, na alitaka kuanzia kwa mama ili wasiseme anawabania wengine tu.

"Thubutu!" nikamwambia. "Mfanye mfano mama yako mwenyewe. Huyu wangu akisikia kwamba bintiye kaolewa na daktari, halafu dawa nzuri wanapewa watu baki, utamtazama kwa macho gani?"

Nilijua nilipomgusa. Mume wangu kwa mama yangu ni mtu wa heshima iliyopitiliza. Hata kukaa kiti kimoja naye hawezi, na mama akimsalimia yeye huitikia ameinamisha kichwa. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena, akaandika. Na kwa kuwa mkwe hapewi cha kawaida, aliandika ile dawa ya juu kabisa, ambayo ilifungiwa kabatini kwa ajili ya wagonjwa walioshindikana.

Mama akapona. Angepona hata kwa vidonge, lakini nani angemwambia? Akarudi mtaani anatamba kwamba mkwe wake alimpa dawa ambayo hata wakubwa wanaililia. Na mimi saluni kwangu nikawa nawasimulia wateja, huku nawasuka, nacheka mpaka jino la mwisho.

Mwaka huu mama akapata kidonda kisiginoni. Yeye ni fundi wa nguo, cherehani yake ni ya kukanyaga, na chuma kilimkwaruza. Kidonda chenyewe kidogo, unaweza kukicheka, ila mama ana kisukari. Kikavimba, kikaoza, akalazwa. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Wakabadilisha, wapi! Mume wangu akaamua kutoa ile ya kabatini, na bado mguu ukazidi kuwa mweusi. Juzi yakaja majibu ya maabara kwamba bakteria walio kwenye kidonda hawasikii dawa yoyote iliyopo hospitalini. Mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na mama hatapona.

Mume wangu alinivuta pembeni, koridoni, akanieleza kwa sauti ya chini.

"Ile dripu aliyopewa bila kuihitaji iliua bakteria dhaifu mwilini mwake, ikawaachia nafasi wale sugu. Au aliwaokota wodini, maana tulikuwa tunaimwaga dawa kama maji. Siwezi kuapa ni kipi. Ila ni kazi yetu."

"Yetu nani?" nikauliza.

Alinitazama tu, nami nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Jana asubuhi tukaenda kumsindikiza mama chumba cha upasuaji. Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke mmoja mwenye mafua na kikohozi kikavu. Mama alipomwona mume wangu, akamwita.

"Mkwe wangu, huyu mwenzangu anateseka na kifua, wamempa vidonge tu. Mfanyie kama ulivyonifanyia mimi."

"Hapana, mama."

Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimkatalia mama jambo. Mama naye alishtuka.

"Hapana vipi, baba? Ana watoto huyu."

Mume wangu akachuchumaa kando ya kitanda, macho yake yakawa sawa na ya mama, akamweleza. Kwamba dripu ile haikuwa ya ugonjwa wake. Kwamba inawezekana kabisa ndiyo sababu leo mguu hausikii dawa. Alisema polepole, hakujificha nyuma ya maneno ya kidaktari, na jasho lilikuwa linamtoka.

Mama akauliza, "Siku ile ulijua kwamba siihitaji?"

"Nilijua, mama."

"Sasa kwa nini ukanipa?"

Loo! Swali hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na jibu lilikuwa limenijaa kinywani. Mume wangu hakunigeukia. Alingoja, najua kabisa alikuwa ananingoja mimi, na mimi nikatazama sakafu.

"Nilitaka unione mkwe mwema, mama," akasema.

"Kwa hiyo mguu wangu umekwenda kwa sifa zako."

"Nisamehe, mama."

Mhudumu akaja kusukuma kitanda, na mume wangu akasimama ili tuongozane. Mama akainua mkono.

"Huyu asinifuate."

Nilimwona mume wangu akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mama akaupapasa mkono wangu, akaushika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Twende sisi wawili, mwanangu," akasema. "Sina mwingine anayenionea uchungu."

Nami nikaenda naye, nikimwambia, "Nipo, mama, usiogope," mpaka wakamwingiza ndani na kufunga mlango.