Vibanio Shavuni mwa Zawena

Usiku wa jana, hata sijajigeuza upande wa pili, niliota kijiti cha pamba kinabisha hodi.

Nilikitambua. Ndicho nesi Mwantumu alichotuonyesha kliniki. Asubuhi kingesuguliwa ndani ya shavu la binti yangu Zawena, mwenye miaka sita, wataalamu wasome jinsi maisha yanavyowasha na kuzima vinasaba vya mtoto. Nilikubali kwa mdomo tu. Mimba yake niliibeba mwaka wa ukame, kwa uji mwembamba na machozi, na niliogopa kijiti kitaniumbua.

"Mama Zawena," kikasema, "mtoto amekula?"

"Hajala, kama nesi alivyotuagiza. Na amesukutua."

"Vizuri. Twende ukaone mwenyewe."

Naingia shavuni na ndala zangu. Ni uani, pana unyevunyevu, na kamba za nguo zimefungwa huku na huku. Zilizoanikwa ni kurasa za vinasaba vyake. Seli moja nene, imejifunga kanga kiunoni, inazigeuza zikauke. Baadhi zimekunjwa na kubanwa kwa vibanio vya kijani, hazisomeki.

"Nani kabana hizi?" nauliza, na jibu ninalo.

"Wewe," inasema seli, bila ubaya wowote. "Mwaka ule. Hii ya usingizi mzuri, ile ya kukua haraka. Njaa ilikuwepo, ukafunga kilichofungika."

Roho inaniuma. Nashika kibanio, navuta kwa mikono miwili. Wapi!

"Hakitoki kwa nguvu," kinasema kijiti. "Mchekeshe mtoto."

Basi namwigiza baba yake akitafuta miwani aliyoivaa. Zawena ananionaje nami nimo shavuni mwake? Hakuna aliyeuliza. Anacheka. Ua mzima unatikisika, vibanio vinaruka pa! pa! pa!, kurasa zinafunguka, seli inavikwepa huku nayo inacheka. Nimefurahi mpaka machozi yananitoka.

"Vimebaki viwili," inasema seli, ikikaza kanga yake. "Viache. Nyumba gani haina vibanio?"

Niliamka kumekucha. Zawena alikuwa ameketi kitandani, anajisugua shavu.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Siku nyingine uvue ndala. Zinatekenya."

Niliinama nikazitazama chini ya kitanda. Zilikuwa zimelowa mate. Nikazivaa hivyo hivyo, na kliniki tulikuwa wa kwanza kwenye foleni.