Uzi Uliopita Chini ya Pazia

Mwanamume hakupiga hodi. Aliusukuma mlango kwa mguu, panga mkononi. Dionisia hakuwa amewahi kumwona, lakini aliujua ule mkanda wa kiunoni. Alikuwa ameiona alama yake mgongoni kwa Moza, mwanamke aliyekimbilia kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hodi umeiacha Nachingwea kwenye kibarua chako? Au mashamba ya karanga ya Wazungu hayapigiwi hodi?"

"Namtafuta mke wangu. Watu wa Likunja wameniambia amekuja kwako."

"Likunja wanasema mengi."

Mezani mwavuli wa sufu ulikuwa ukizunguka. Masista wa misheni ndio waliompa Dionisia chombo kile cha vijiti vinavyofunguka kama mwavuli. Unakivika shada la sufu, kisha mwenzako anauvuta uzi na kuukunja donge. Siku ile sufu ilikuwa nyekundu. Moza alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, na Dionisia alikuwa amemwambia, "Siku ya kumtoa mtoto nje hatatoka kichwa wazi. Kofia yake naifuma mimi."

Moza alikuwa nyuma ya pazia, donge mkononi. Aliposikia sauti ya mumewe, vidole vyake havikusimama. Viliendelea kuvuta kama vya mtu anayehesabu tasbihi.

Mwanamume akautazama mwavuli. Akaitazama mikono ya Dionisia, iliyolala mitupu mapajani.

"Na huu anauzungusha nani?"

Akaufuata uzi kwa macho, mpaka ulipopita chini ya pazia.

Dionisia aliruka akaudaka ule uzi, kana kwamba kuushika kungemzuia mtu. Panga likashuka. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikabaki kwenye sufu. Aliung'oa mwavuli mezani kwa mkono wa kushoto, akamchoma nao usoni hadi vijiti vikavunjikia shavuni. Mtu yule akayumba, panga likamponyoka. Pazia likafunguka, Moza akatoka na mchi wa kutwangia, akampiga gotini. Mfupa ukalia. Akampiga tena alipokuwa chini, akauinua mchi juu ya kichwa cha mumewe.

"Basi, mwanangu," Dionisia alisema, damu ikimtiririka kiwikoni. "Mtoto anasikia."

Mchi ukakaa hewani. Kisha Moza akautupa, akaanza kulia, na majirani wakaingia na kamba.

Mwavuli haukutengenezeka. Kidonda cha Dionisia kilipofunga, Moza aliketi mkekani akanyoosha mikono yake miwili, shada likavikwa juu yake, naye Dionisia akavuta uzi kwa mkono wa kushoto. Sindano za kufumia zilimgusa penye vigutu, na kila safu ilimtoa jasho.

"Mama, acha. Nitamfunga kitambaa tu."

"Nyoosha mikono, uzi unalegea."

Siku ya kumtoa mtoto, kofia ilikuwa imepinda upande na kubwa mno. Ilimshukia machoni. Moza akaisukuma juu kwa kidole, akavuka naye kizingiti.