Mzigo wa Bi Leonia

Jumapili alasiri Mwalimu Hilari alikuwa barazani kwake, Tabora, akiwamiminia chai mkaguzi wa shule na mkewe. Aliwaambia kwamba mama yake ni mke wa karani wa reli, anaishi Tura, na hula kwa uma. Hapo mama yake akaingia uani, peku, na mzigo wa kuni kichwani.

Mkewe Hilari, Josepha, alikuwa amejifungua mtoto, Modest, wiki ile, na kwao kuni za kumchemshia mzazi maji huletwa na mama mkwe. Bi Leonia alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kijijini kwake, kwa njia ya zamani ya misafara. Alisimama, kwa sababu kwao mama hatui mzigo mwenyewe. Husubiri mwanawe ainuke amtue, na anayemtua ndiye wake.

Mke wa mkaguzi aliuliza huyo ni nani.

"Ni mama mmoja anayetuuzia kuni," alisema Hilari.

Bi Leonia alimtazama mwanawe kidogo. "Basi ngoja nipite kwingine, Mwalimu," akasema.

Akarudi na njia aliyojia, kuelekea mashariki. Selemani muuza kahawa alisogeza jiko lake ili apite. Mwezi mpevu ulikuwa unachomoza mwisho wa barabara, na Bi Leonia, ambaye hakuwa mtu wa kukatiza mashamba ya watu, alinyoosha njia akaingia ndani ya mwezi. Adhana ya magharibi ilipoisha alikuwa amesimama mle, mzigo kichwani.

Hilari alifundisha elimu ya anga katika darasa la watu wazima, na maswali yakawa mengi. Mbona mwezi unatufuata tukitembea? Akasema ni kwa kuwa uko mbali mno. Una nuru yake? Hauna, huazima ya jua. Mbona hautugeuzii kisogo? Akaeleza kwamba hujizungusha mara moja tu kila unapoizunguka dunia. Apolinaria, fundi cherehani, akauliza kuhusu yule mama mwenye kuni.

"Ni mabonde na milima," alisema Hilari.

Apolinaria aliandika hivyo hivyo. Kisha akasema mabonde hayo yanafanana sana na Bi Leonia. Darasa likakubali, likaendelea na mawingu.

Uso umeumbwa na haya, na wa Hilari ulikuwa na yake tele. Siku za giza la mwezi alilala vizuri. Mwezi ulipojaa ulishuka jioni mpaka usawa wa paa la jiko, ukasimama, na kuni zikawa karibu kiasi cha kushikwa na mtu aliyepanda kigoda. Bi Leonia alihamishia tu uzito mguu mwingine.

Josepha alileta kigoda. "Baba Modest, mtue mama."

Hilari aliona haya hata ya kumtazama mkewe. Aliahidi kesho. Josepha alijaribu mwenyewe, lakini mzigo haukumtambua.

Mwaka uliofuata Hilari akawa mwalimu mkuu, na mkaguzi akaja na mkewe kumpongeza. Ilikuwa jioni ya mwezi mpevu. Mke wa mkaguzi alitazama juu ya jiko, akauliza kama yule si mama wa kuni.

Kigoda kilikuwa palepale uani. Mwezini, Bi Leonia aliinamisha shingo kidogo, kama anavyofanya mtu anayekaribia kutuliwa.

"Ndiye," alisema Hilari, akamwongezea chai.