Shokapu za Mkwe Wangu

Kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Kwa hiyo binti yangu Raudha ilipasa atoke kwa mumewe Ruangwa aje kwangu Nachingwea kabla ya siku zake. Nesi alimruhusu, ila alisema asirushwerushwe njiani, maana mimba ilishamtisha mara moja. Nikaenda kumchukua mwenyewe.

Shida ilikuwa gari. Mkwe wangu Sadiki ana gari ya mbio, haikosi mechi ya timu ya Namungo, na alikuwa ameikata springi ili ikae chini zaidi. Ukiwa ndani unatazamana na kuku macho kwa macho. Nikasema nitaipanda mimi kwanza.

Sadiki akamwita fundi Gabrieli, naye akatoa springi zile, akarudisha ndefu za kiwandani, akafunga shokapu mpya zenye kitufe juu: ukikizungusha kulia zinakaza, kushoto zinalegea. Sadiki kwa kupenda kona akataka zikazwe mpaka mwisho. Tukatoka kujaribu, mimi nyuma, pale atakapokaa Raudha. Nilianza dhikiri, tasbihi ikanitoka vidoleni kabla hatujaacha mji. Kila jiwe lilinipanda kiunoni.

Tuliporudi Gabrieli akaniuliza nimeionaje, Sadiki yupo anasikia. Mama mkwe hamwambii mkwe habari za kiuno chake. Marehemu mume wangu angenisemea, lakini hayupo. Nikajibu ni nzuri, alhamdulillahi. Gabrieli akaanza kukusanya spana zake.

Ndipo Raudha akatokea na mfuko wa nguo za mtoto, mkono mmoja tumboni. Nikaona heshima yangu ndiyo itakayomkalisha kwenye siti ile. Nikamwomba Mungu anipe mdomo.

"Fundi," nikasema, na Sadiki amesimama palepale, "mwambie baba huyu kwamba gari imeniumiza kiuno. Na mimi sina mimba."

Sadiki akainamisha kichwa. Nikadhani amekasirika. Kisha naye akamjibu fundi, si mimi.

"Mwambie mama, hata mimi kiuno kinaniuma tangu nilipokata zile springi. Nilikuwa naona aibu kusema mbele ya wenzangu wa mpira."

Gabrieli akauliza kama tunamlipa kwa ufundi au kwa ukalimani.

Akalegeza zote. Tulipotoka tena mawe yakawa kama hayapo, lakini kwenye kona gari ikalala upande kama lori la ufuta uliofungwa vibaya, nikang'ang'ania mlango. Basi mimi ndiye niliyemwambia fundi akaze kidogo. Sadiki alicheka mpaka akaegemea boneti. Gabrieli akazungusha, tukajaribu, akazungusha tena, mpaka tasbihi ikapita yote vidoleni mwangu bila kunitoka.

Tuliondoka baada ya adhuhuri. Sadiki alizipita kona zake kwa raha, gari imeshika barabara vizuri, na penye mashimo ilishuka na kuinuka kwa adabu. Raudha aliniegemea begani akalala. Mimi sikulala, niliangalia tumbo lake njia nzima.

Aliamka tunaingia Nachingwea, akashika ubavu. Nikashtuka.

"Anapiga teke tu, mama," akasema. "Ana njaa huyu. Na mimi pia."

Niliposhuka nilimgeukia Sadiki, na fundi hakuwepo wa kutupelekea maneno.

"Umemfikisha, baba. Mungu akuzidishie."

Akaitikia kwa sauti ndogo, huku akitazama tairi. Mimi nikaenda kuwasha moto.