Kompyuta Mbili na Orodha ya Syombua

Kompyuta ya mke wangu ilikuwa ndogo, rangi ya uji, skrini na mwili kitu kimoja, kiasi mtu angeipakata kama mtoto. Ukiiwasha ilitoa kisura kidogo kinachocheka, halafu ikaanza kazi. Haikuwa na tumbo la kuweka kitu. Kila kitu kilikaa kwa diski: moja ya kuiamsha, na moja ya orodha. Hiyo ya orodha Syombua aliifunga kwa kitambaa cha kichwa akaiweka kwa sanduku la nguo, kwa sababu ndani yake kulikuwa na watu mia nne na kumi na wawili.

Syombua alikuwa mkunga. Upande huu wetu wa Kathiani, waliozaliwa nyumbani wengi walipokelewa na mikono yake, au ya mama yake kabla yake. Mimi shule niliishia darasa la nne, yeye alifika la saba, na kila mtoto alimwandika: jina la mama, siku, saa, mvua au jua, kama alilia mwenyewe au alipigwa kwanza. Kitabu chake mchwa walianza kukila. Ndipo Sista Bernadeta wa misheni akampa ile kompyuta, mwaka wa tisini na tatu, misheni iliponunua zile za aina ingine ambazo siku hizi ziko kila ofisi. Akayanakili majina yote humo kabla mchwa hawajakimaliza kitabu. Stima tulikuwa nayo kwa bahati tu, waya wa kwenda fakitori ya kahawa ulipita juu ya boma letu. Fakitori yenyewe wakubwa wa sosaiti, chama chetu cha wakulima, waliila ikaisha, nasi wafanyakazi tukafukuzwa bila hata asante. Waya ulibaki.

Basi mtu akitaka kipande, kitambulisho cha serikali, na hana cheti cha kuzaliwa, alikuja kwa Syombua. Ukimwuliza mama yake mzazi atakwambia, "Huyu nilimzaa ile njaa ya kufa umeshika pesa mkononi." Njaa si tarehe. Aliyekuwa na tarehe ni Syombua. Alitoa karatasi kwa printa, ile printa inayolia kama jino likikerezwa, akaweka sahihi, na chifu akaikubali.

Alikufa mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili na mbili. Alianguka shambani asubuhi, na ambulansi, ile tuliyoichangia kuku na mbuzi, ilikuwa imeenda kubeba viti vya harambee ya mheshimiwa. Tulimsukuma kwa mkokoteni. Hatukufika lami. Hayo nimeyasema kwa kila baraza, na kila baraza naambiwa, kaa chini mzee.

Baada ya hapo watu walikuja kwangu. Kusoma nasoma, polepole, na kuiwasha ile mashine alinifundisha. Nilitafuta jina, nikatoa karatasi, nikaandika chini yake "kwa niaba ya Syombua". Kwangu ilikuwa kama bado yuko kazini.

Mwaka wa elfu mbili na nne, mwezi wa tatu, Chifu Aloys alikuja bomani akiwa na kofia yake na fimbo yake.

"Mzee, karatasi zako wamezikataa Machakos."

"Zimekosa nini?"

"Wino hauonekani. Na hata ungeonekana, hawataki karatasi tena. Wanataka orodha yote kwa diski, waiingize kwa kompyuta zao."

"Diski si ninayo?"

"Ya hii?" Aliitazama kompyuta ya Syombua kama mtu anayetazama punda wa jirani. "Hii hawaijui. Tafuta ile ya kawaida. Maofisa wanakuja kambini, pale ofisini kwangu, Alhamisi ya wiki ijayo. Aliye kwa orodha ataandikwa hapo hapo. Asiyekuwepo aende Machakos kwa daktari akakadiriwe miaka."

"Na ile kopi Syombua alikuletea ofisini kwako?"

Akacheka kidogo. "Ilinyeshewa, mzee. Unajua paa letu."

Paa lao! Mabati ya ile ofisi yamenunuliwa mara mbili, na mara zote mbili yameezeka nyumba ya mtu.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote alikuwa Nzembi, yule anayeuza parachichi sokoni. Mumewe alikufa na shamba likabaki kwa jina la marehemu. Bila kipande haliwezi kuandikwa jina lake, na shemeji zake walikuwa wameshaanza kupima kwa hatua. Alikuja kwangu siku iyo hiyo chifu alipotoka.

"Baba Ndinda, nimo au simo?"

Nikaiwasha, nikatafuta. "Umo. Wa mia mbili na sita."

"Asante Mungu. Unajua shemeji zangu wanasemaje? Mtu asiye na kipande hajazaliwa. Mtu ambaye hajazaliwa ataolewaje?" Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Tarehe yake sikuisoma. Nani anasoma tarehe ya mtu mwingine?

Nikampigia Ndinda, binti yangu, anayeshona nguo kwa kiwanda huko Athi River. Jumapili akaja na kompyuta ya mtumba kutoka Nairobi, skrini imefungwa kwa gunia, lisanduku lake zito kama jiwe la kusagia. Tuliiweka mezani. Ile ya mama yake tukaishusha chini ya meza, nikaifunika leso.

"Baba, sikiliza," aliniambia. "Hii si kama ile. Diski ya mama usiiweke humu. Haitaisoma. Ngoja Jumamosi nije na Kimotho wa pale kazini, anajua namna ya kuhamisha."

"Maofisa wanakuja Alhamisi."

"Wangoje."

"Wewe umeona wapi serikali ikingoja?"

"Basi nami nifanye nini? Nikikosa siku moja, kwa geti kuna wanawake mia wanangoja kiti changu." Akanishika mkono. "Usiiweke, baba. Umesikia?"

Nilisikia. Jumatatu sikuiweka, Jumanne sikuiweka. Jumatano saa kumi chifu akaingia bila kubisha.

"Diski iko?"

"Iko, lakini hii mpya haiwezi kuisoma. Mpaka Jumamosi."

"Umeiweka ukaona imekataa?"

"Sijaiweka. Ndinda amekataza."

"Ndinda ni chifu?" Akavuta kiti, akakaa. "Mzee, kesho watu tisini wanakuja. Nisimame mbele yao niseme nini? Kwamba tunangoja binti yako atoke kazini? Weka tuone. Kuona si kosa."

Nikaifungua kwa kitambaa, nikaiweka. Lile lisanduku likakoroma, likanyamaza, halafu yakatokea maneno, Kiingereza.

"Linasemaje?" nikamwuliza chifu.

"Linasema diski haijatayarishwa. Linauliza kama unataka itayarishwe sasa."

"Ikitayarishwa inakuwaje?"

"Si itakuwa tayari? Bonyeza ndiyo."

Maisha yangu yote mtu wa ofisi akiuliza nimesema ndiyo. Sosaiti walileta karatasi ya mkopo wa mashine, tukasema ndiyo. Waliuliza kama tumekubali ambulansi ikae kwa mheshimiwa, iwe salama, tukainua mikono, hata mimi. Kidole changu hakina adabu ingine. Nikabonyeza.

Likatoa dirisha lingine, nikabonyeza tena pale aliponionyesha. Halafu likatoa la tatu, na hili lilikuwa na alama ya njano.

"Na hili?"

Chifu alisogeza uso, akaukunja. Maandishi ya hili yalikuwa madogo, na miwani alikuwa ameiacha ofisini. "Ni onyo."

"Onyo la nini?"

"Mzee, hata pakiti ya sigara ina onyo. Umewahi kuona mtu akiacha?"

Nikabonyeza. Kukatokea kamstari, kakajaa polepole kama mtu anayepanda maharagwe, shimo baada ya shimo. Tulikaa tukikatazama, hata chifu akapiga mluzi. Kalipojaa kabisa akasema, "Haya, fungua sasa tuone watu."

Nilifungua. Palikuwa peupe. Hakuna jina moja.

"Angalia kwingine."

"Kwingine wapi?"

Niliitoa mbio, nikapiga magoti nikaivuta ile ya Syombua kutoka chini ya meza. Ikacheka kile kisura chake, nikaipa diski ya orodha. Ikasema haiijui. Ikaitema yenyewe. Nikairudisha, ikaitema tena.

Chifu alisimama, akapangusa kofia yake ambayo haikuwa na vumbi. "Haya ni mambo ya mashine," alisema, na akaenda.

Nilibaki pale sakafuni. Namba tisini na nane alikuwa wetu, Mwangangi, aliyeishi siku mbili. Kanisa halikumwandika, chifu hakumwandika, aliyemwandika ni mama yake. Mimi wiki hiyo nilikuwa zamu fakitori na niliambiwa na mtu njiani. Ilikuwa msimu wa kahawa, hicho tu ndicho ninachokijua. Siku yake nilimwachia Syombua anikumbukie.

Asubuhi kambini watu walikuwa wamejaa, wazee kwa fimbo, akina mama na watoto wao wakubwa. Maofisa walikuwa wawili, mwanamume mwenye kompyuta na mwanamke kijana mwenye mhuri. Chifu Aloys akasimama mbele yao wote.

"Orodha ilikuwepo mpaka jana," alisema. "Mzee ameifuta."

"Wewe ulikuwa nyuma yangu ukiniambia ndiyo!" nilipiga kelele.

"Kidole kilikuwa cha nani?" Sauti ilitoka kwa umati, ya Nzuki, mmoja wa shemeji za Nzembi. Watu wakacheka, kicheko cha watu waliotembea kilomita saba bure.

"Kaa chini, mzee," chifu akasema.

Sikukaa. Nzembi alikuwa amepita watu wote na kusimama mbele yangu. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Baba Ndinda, uliona jina langu. Na siku je? Uliiona?"

Yule mwanamke wa mhuri akasikia. "Kama mzee aliiona na anaweza kuapa, nitaandika," alisema. "Mwambie ataje tarehe, siku na mwezi na mwaka. Naandika sasa hivi."

Chifu mwenyewe alinitolea macho, akatikisa kichwa kidogo kwenda chini na juu, kama kusema, toa yoyote, tumalize. Ningeweza. Kuna siku mia tatu na sitini na tano kwa mwaka, na yoyote ingemtosha Nzembi. Lakini Syombua hakuandika siku ambayo hakuiona. Wako akina mama waliomletea sukari ili mtoto aongezewe mwaka mmoja aingie jeshi, akawarudishia sukari yao mlangoni. Ningetaja tarehe pale, ningekuwa nimeitaja kwa jina lake.

"Siijui," nilisema.

"Hata mwezi?"

"Hata mwezi."

Nzembi alinitazama kidogo, halafu akageuka. Mwanamke wa mhuri akafunga kitabu. Wote waende Machakos kwa daktari, chifu akatangaza, na nauli kila mtu ajitafutie.

Jumamosi Ndinda alikuja na Kimotho, kijana mpole, amebeba waya kwa mfuko. Alizitazama zile kompyuta mbili, akaichukua diski, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Ningeziunganisha tu kwa huu waya," alisema. "Zingepeana. Dakika kumi, mzee."

"Haiwezi kurudi?"

"Si kwa mikono yangu."

Ndinda hakunigombeza. Aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko ugali unavyotaka. Alipotoka aliuliza kitu kimoja tu: "Nani alisema ndiyo?" Nilianza na chifu, nikaenda kwa sosaiti, nikaenda kwa ambulansi. Yote ni kweli, hakuna nililoongeza. Nilipomaliza, akapakua chakula.

Mwezi wa tano Nzembi alipita na kikaratasi cha kungojea kipande. Alinipa nikisome, nikakisoma polepole. Daktari alikuwa amemfungua mdomo akatazama meno, akamgeuza mikono. Mikono ile imelima tangu akiwa mtoto. Akamwandikia miaka arobaini na moja.

"Mimi sijafika thelathini na mbili," alisema. "Sasa shemeji zangu wanasema wameona wenyewe kwa karatasi ya serikali, nilimdanganya ndugu yao miaka. Wanaenda nayo kwa kesi ya shamba."

"Na tarehe hii? Moja Januari?"

"Wote wamepewa hiyo. Syombua wako alituzaa mmoja mmoja, wao wametuzaa tisini siku moja."

Nilimwambia akae, chai iko tayari. Akasema ameacha parachichi juani, akachukua kikaratasi chake, akaenda.