Sekunde Kumi za Desanka

Kompyuta yetu ina mifumo miwili: Linux yangu na Windows ya mke wangu, Desanka. Ukiiwasha, inakupa sekunde kumi uchague. Usipochagua, inafungua ya Desanka. Niliipanga hivyo mwenyewe, mjinga mimi.

Kila asubuhi nikiiwasha tu, ananiita kutoka jikoni.

"Radisave, mlango wa roshani uko wazi. Upepo utatuua."

Hapa mjini kwetu Niš hakuna mwenye akili anayekaa penye upepo unaopita chumbani; tunaamini unaleta maradhi. Nakimbia kuufunga. Nikirudi, ya kwake imeshafunguka.

Leo niligoma kuinuka. Nikachagua yangu.

"Shauri yako, mume wangu," akasema.

Sasa nimelala, shingo imekakamaa kama gogo kwa ule upepo, na kompyuta anaitumia Desanka.